Siku Nne za Bonde la Ufa kwa Senti Zetu Wenyewe

Kwa ada yetu watu wa pwani, mtu husafiri kwa harusi, kwa mazishi, kwa matibabu, au kwa Maulidi ya Lamu. Kijana akisema ataka kwenda bara ili aone mlima na ziwa tu, huulizwa amepoteza nini huko. Basi sisi vijana tulipopeleka kwa wazazi wetu ombi la kwenda Nakuru na Naivasha wakati wa likizo ya Agosti, kikao cha kwanza kilivunjika bila ya jawabu. Hakuna aliyetukataza, na hakuna aliyetupa ruhusa. Tuliambiwa turudi tukiwa na mambo mawili: fedha, na mpango unaoeleweka.

La fedha ndilo tulilolianza. Tulikubaliana kila mmoja kutoa shilingi 150 kwa wiki, na aliyekosa wiki hii alipe wiki ijayo bila ya kutajwa mbele ya wenziwe. Wasichana walipika kachri na visheti, wakatia achari ya maembe kwenye chupa, na wenye mkono mwepesi wakawapaka hina na piko maharusi wa mtaani. Wavulana waliosha magari siku za Jumapili na kubeba viti na masufuria kwenye shughuli. Katikati ya mwaka alitujia mheshimiwa mmoja, ambaye hatutamtaja, akaahidi kulipa nauli yote endapo tutapiga naye picha tukiwa tumevaa fulana zenye jina lake. Ulikuwa usiku wa mashauri mazito, maana tulikuwa hatujafika hata nusu ya hesabu. Tulimshukuru, tukaendelea kukaanga kachri.

La pili lilikuwa gumu zaidi, nalo ni wasichana. Tulikuwa watu 31: wasichana 17, wavulana 9, na watu wazima watano. Wazazi walishikilia kwamba kila msichana afuatane na maharimu wake, nasi hatukuona sababu ya kulipinga sharti hilo. Lililotushangaza ni jinsi lilivyoigeuza safari yenyewe. Kaka aliyekuwa hana habari na mambo ya dada yake alilazimika kuhudhuria vikao. Mwenzetu mmoja asiye na kaka alikuwa karibu kubaki, mpaka ami yake akasema atafunga duka siku nne. Watu wa mtaani hawakumbuki kuliona duka lile limefungwa siku isiyokuwa ya Idi.

Likabaki jina. Mbuga tuliyokusudia kuendesha baiskeli, karibu na Ziwa Naivasha, huitwa Hell's Gate, na mtu mmoja akawa amelifasiri mbele ya bibi zetu: Lango la Jahannamu. Bibi mmoja aliweka chini kikombe chake cha kahawa akauliza, "Mwakusanya pesa mwaka mzima ili mwende Jahannamu kwa nauli yenu?" Tulimweleza kwamba Wazungu waliliita hivyo kwa ajili ya lile pengo jembamba baina ya majabali marefu, na kwamba hapo Olkaria ardhi hutoa mvuke ambao serikali huutumia kuzalisha umeme tangu 1981. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba tumezidi kumtia hofu.

Hofu yake, ingawa alifanya mzaha, ilikuwa na msingi. Mwezi wa Aprili 2012, vijana wa kanisa moja la Nairobi walikwenda kutembea katika mbuga hiyohiyo, kundi kama letu, wakateremka kwenye korongo lake. Maji ya mvua yaliwafikia humo ndani ghafla, na watu saba wakafa. Mwezi wa Septemba 2019 mafuriko ya namna ileile yaliwaua watu saba wengine, mmoja wao akiwa kiongozi wa wageni, mwenyeji aliyeijua njia. Baada ya hapo Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lililifunga korongo. Tulilisoma jambo hili kwa makini kabla ya kikao cha pili. Korongo ni jembamba, kuta zake ni za juu na laini kwa maji, na mahali pengine mtu hushuka kwa kamba. Mvua si lazima inyeshe hapo ulipo. Hunyesha mbali, kwenye miinuko, kisha maji yote hutafuta mfereji mmoja, na wewe umo ndani yake ukitazama juu ukaona mbingu ya samawati.

Hivyo katika mkataba tulioandika na wazazi, kifungu cha sita kilisema: hatutashuka korongoni, liwe kavu, liwe bichi, liwe wazi au limefungwa. Sote tulitia saini.

Safari ya kwenda haina mengi. Tulipanda treni Miritini hadi Nairobi, tukapokewa na basi tulilolikodi, na jua lilipokuwa laelekea magharibi tukasimama ukingoni mwa Bonde la Ufa, tukauona mlima Longonot umekaa chini yetu kama chungu kilichovunjika mdomo. Hapo tuliswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, rakaa mbili mbili, na kwa wengi wetu ilikuwa mara ya kwanza kuitumia ruhusa ya msafiri tuliyoisoma chuoni. Usiku ule Nakuru, maji ya udhu wa alfajiri yalituuma vidole. Ami wa duka alisema sasa amejua kwa nini watu wa bara hunywa chai ya moto mchana.

Ziwa Nakuru halikuwa lile la picha za vitabuni. Heroe waliolifanya ziwa lionekane la waridi tuliwaona wachache. Tangu mwanzoni mwa muongo wa 2010 maji yamepanda, na eneo lake limetoka takriban kilomita 40 za mraba hadi zaidi ya 60. Magadi yamechujuka, chakula cha ndege hao kimepungua, na wengi wamehamia maziwa mengine, hasa Bogoria. Migunga iliyozama imekufa ikiwa imesimama, meupe matupu, na lango la zamani la mbuga limemezwa. Sisi tunaoishi na bahari inayokula ufuo tuliangalia tukanyamaza. Lakini vifaru tuliwaona, na mtoto wa kifaru akinyonya, na kina dada waliokuwa wamelala garini waliamka wote.

Menengai tuliipanda asubuhi iliyofuata, tukachungulia shimo lenye upana wa kilomita 12 kwa 8. Upepo uliwashinda wenye mitandio ya hariri.

Siku ya tatu ndiyo iliyokuwa na uzito. Hell's Gate huruhusu watu kupita kwa miguu na kwa baiskeli, jambo lisilo la kawaida katika mbuga za Kenya. Wasichana wetu wengi hawakuwahi kupanda baiskeli, kwani mtaani macho ni mengi. Wiki sita nzima walijifunza baada ya alfajiri kwenye kiwanja cha nyuma ya chuo, kwa baiskeli za kaka zao, na mama mmoja akawashonea suruali pana na kanzu za kufika magotini ili nguo isinaswe na mnyororo. Siku ile walipita baina ya pundamilia na twiga, mstari mmoja mrefu, wengine wakilia machozi na kudai kuwa ni vumbi.

Tulipofika karibu na korongo, kijana wa hapo alitwambia kwamba ni kavu kabisa. Mbingu juu yetu ilikuwa safi, ila upande wa mbali mawingu yalikuwa yamejikusanya. Wavulana wawili walitaka kushuka. Walisema wamelipa kwa jasho lao, na kwamba hakuna mtu wa kuwaamrisha juu ya fedha yao. Kiongozi wetu, msichana wa miaka 19, hakupaza sauti. Alitoa mkataba mkobani akasoma kifungu cha sita, akasema, "Fedha ni zetu, ruhusa ni ya wazee." Ami alikuwa tayari kuingilia, naye akamwomba kwa adabu asubiri. Wale wawili walikaa chini ya jabali kwa hasira, hawakula hata sambusa. Kiasi cha nusu saa baadaye walirudi kuchukua baiskeli zao. Jioni tuliona mvua ikining'inia mbali kama pazia jeusi. Kama maji yalifika korongoni au hayakufika, hatujui, maana hatukuwepo.

Ijumaa baada ya kurudi, daftari la hesabu lilisomwa mbele ya wazazi, mstari kwa mstari. Zilisalia shilingi 4,350. Wavulana walipendekeza zianze mfuko wa mwakani. Kabla hawajamaliza, kina mama waliokuwa nyuma ya pazia walileta kikaratasi: wanataka nafasi kumi, watalipa shilingi 150 kwa wiki kama sisi, na wanauliza kama baiskeli zile hukodishwa pia kwa watu wazima.