Je, Wajua? Mjane Aliyeuokoa Ushoguni
Je, wajua kwamba utawala wa mashoguni wa Japani nusura ufe ungali mchanga? Mwaka 1221, Go-Toba, mfalme aliyekwisha kung'atuka, alitangaza vita dhidi ya Hojo Yoshitoki, mwenye nguvu mjini Kamakura, makao ya ushoguni. Samurai gani angethubutu kumpinga mfalme? Ndipo Hojo Masako, mjane wa shoguni Yoritomo, mtawa mwenye kichwa kilichonyolewa, alipowakumbusha samurai fadhila za marehemu. Yoshitoki akamtuma mwanawe Yasutoki. Masimulizi ya Kamakura yanasema aliondoka na wapanda farasi 18 tu. Maelfu wakamfuata njiani, Kyoto ikatekwa. Bila mama yule, naamini Kamakura ingeanguka zaidi ya miaka 100 kabla ya 1333, mwaka ilipoanguka kweli. Go-Toba alifia uhamishoni, visiwani Oki.