Mjumbe Katika Damu Yako

Wagonjwa wengi wa tansio, yaani nguvu ya damu iliyozidi, huuliza hivi: "Sisikii maumivu; kwa nini ninywe dawa kila siku?" Ili upate jibu, ujue kwanza jinsi mishipa ya damu inavyopewa amri.

Mishipa inayotoa damu moyoni si kama mabomba ya chuma. Katika kuta zake mna nyama laini inayoweza kujikaza na kulegea. Ikijikaza, njia inakuwa nyembamba, na nguvu ya damu inapanda. Nyama hiyo huwezi kuiamuru kwa mapenzi yako kama unavyouamuru mkono. Moja ya vitu vinavyoiamuru ni homoni, yaani mjumbe anayetembea ndani ya damu.

Mwaka 1898, huko Stockholm, Uswidi, nchi iliyotuma wamisionari wa Kipentekoste huku Kivu, watafiti Robert Tigerstedt na Per Bergman walitangaza kwamba walitoa kitu katika figo za sungura. Wakakitia katika damu ya sungura wengine, na nguvu ya damu ikapanda. Wakakiita renini. Leo twajua kwamba renini ni kimeng'enya, yaani mtumishi mdogo wa mwili mwenye kazi yake maalum. Renini ndiyo inayoanza kazi ya kumtengeneza mjumbe aitwaye anjiotensini.

Mjumbe huyu haingii ndani ya chembe za nyama ya mshipa. Anafika mlangoni kama mtu aletaye barua, na mlinzi wa mlango anampokea. Mlinzi anaamsha kimeng'enya kilicho karibu, nacho kinakata kipande cha mafuta ya ukuta wa chembe. Kipande hicho kinakwenda kufungua ghala ya kalsiamu. Kalsiamu inatoka, na nyingine inaingia kutoka nje. Inaamsha kimeng'enya cha pili, nacho kinafanya nyuzi za nyama zivutane. Basi, mshipa unajikaza.

Kazi hii ni njema. Mama akipoteza damu wakati wa kuzaa, mishipa yake hujikaza ili damu ifike kwenye ubongo. Lakini amri ikizidi mchana na usiku, moyo unachoka, figo zinaharibika, na mshipa wa ubongo unaweza kupasuka au kuziba. Mambo hayo huja kimya.

Dawa ya enalaprili humpunguza mjumbe. Amlodipini hupunguza kalsiamu inayoingia. Lakini hakuna hata moja inayomwondoa mjumbe milele. Ukiacha dawa, anarudi mlangoni.

Basi kumbuka:

1. Pimisha damu hata kama hujisikii mgonjwa. Kipimo cha 14 kwa 9 au zaidi, kikirudia siku mbalimbali, ni tansio.

2. Usiache dawa kwa sababu umejisikia vizuri. Mwulize munganga kwanza.

3. Punguza chumvi. Makayabo yaloweke na kubadili maji mara kadhaa kabla ya kupika, wala usiyale kila siku.

4. Mama mwenye mimba anayekunywa enalaprili amwambie munganga upesi, kwa maana inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Akiumwa sana kichwa au macho yakiona giza, aletwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kumeza dawa si kukosa imani. Omba asubuhi, umshukuru Mungu aliyeumba hata milango midogo ya chembe zako, kisha meza kidonge chako.