Sura ya Saba: Virusi Vinavyokuja Mfukoni

Vitabu vingi vya kompyuta huanza habari za ulinzi kwa kumtisha msomaji na wadukuzi wa ng'ambo wanaopenya usiku kupitia intaneti. Kisangani mambo hayaendi hivyo. Kompyuta nyingi za nyumbani, iwe Makiso, Mangobo au Kabondo, hazishindi mtandaoni. Zinaunganishwa kwa simu pale mega zinapopatikana, kisha basi. Virusi vinavyozisumbua huja ndani ya flashi. Anayetaka kuchagua kinga aanzie hapo.

Angalia kibanda cha kuchapisha karibu na Chuo Kikuu cha Kisangani wakati wanafunzi wanapowasilisha TFC zao, yaani kazi za kumalizia masomo. Kompyuta moja, printa moja, na foleni ya watu wenye flashi mkononi, zote zikichomekwa tundu lile lile tangu asubuhi. Mwanafunzi akifika nyumbani anakuta folda yake ipo, ila ina kishale kidogo pembeni na uzito wake ni kilobaiti moja au mbili tu. Folda ya kweli imefichwa. Hiyo anayoiona ni njia ya mkato: akiibofya, inaamsha virusi kwanza, halafu inamfungulia folda halisi ili asishtuke. Ndiyo maana mtu huweza kukaa nayo miezi bila kujua, hadi siku mwenye kibanda atakapomwambia, "Papa, flashi yako iko na virusi." Na pengine ni kibanda kile kile kilichompa.

Kazi haijapotea. Wengi huifomati flashi kwa hofu, na hapo ndipo inapopotea kweli. Safisha kompyuta kwanza kwa antivirusi, kisha flashi yenyewe, halafu fungua dirisha la amri na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa E. Folda zitajitokeza. Ukianza na flashi, kompyuta itaichafua tena palepale.

Na usidhani huu ni ugonjwa wa miji ya pembezoni tu. Mwezi wa Septemba 2023 kampuni ya Sekoia ya Ufaransa ililipa dola 7 kuchukua anwani ya intaneti iliyoachwa na wenye PlugX, programu ya kijasusi inayojisambaza kwa flashi na ambayo watafiti wanaihusisha na kundi la wadukuzi wa China. Kompyuta kutoka anwani 90,000 hadi 100,000 zilikuwa bado zinabisha hodi pale kila siku, na Nigeria ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoongoza. Mabwana wamehama zamani, mdudu bado anazunguka.

Sasa, antivirusi ipi? Kwa mtu wa nyumbani jibu langu ni Defender, iliyomo ndani ya Windows tangu Windows 8 ya mwaka 2012. Inakamata virusi na programu za kijasusi kwa pamoja. Kutafuta kinga ya pekee dhidi ya ujasusi ni mazoea ya enzi za Windows XP. Ukitaka jicho la pili, Malwarebytes ya bure inafaa kwa sababu hukagua pale tu unapoiamuru. Antivirusi mbili zinazolinda kwa wakati mmoja hugombana, na kompyuta ya mkono wa pili yenye giga 4 za kumbukumbu itakwama.

Antivirusi ya kulipia ambayo ufunguo wake umevunjwa, ile inayopitishwa kwa flashi baina ya marafiki, mimi siigusi. Soma maelekezo yake: karibu kila mara yanakuamuru uzime kinga kwanza. Hata ya bure ichunguze. Mwezi wa Februari 2024 serikali ya Marekani iliitoza Avast dola milioni 16.5 kwa kuuza, kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot, habari za kurasa ambazo wateja wake walikuwa wanatembelea.

Gharama halisi ni mega. Antivirusi isiyosasishwa kwa miezi mitatu haivijui virusi vilivyozaliwa ndani ya miezi hiyo. Windows yako ikiwa ya Kifaransa, kama nyingi za hapa, tafuta "Connexion limitée" kwenye mipangilio ya mtandao. Ikiwa imewashwa, huokoa mega lakini inaweza pia kuzuia masasisho, kwa hiyo mara moja kwa wiki fungua "Sécurité Windows" na uyaagize mwenyewe. Majirani wenye kompyuta kadhaa wanaweza kupakua mara moja faili la Defender linalotolewa kwenye tovuti ya Microsoft, kisha kuligawana kwa flashi. Kabla ya kulifungua, bofya kulia, ingia "Propriétés", halafu "Signatures numériques", uhakikishe sahihi ni ya Microsoft.

Fayawoli haihitaji maneno mengi. Ni kichujio kinachozuia maunganisho yasiyoalikwa kutoka nje, na Windows huiwasha yenyewe tangu 2004. Usinunue nyingine. Ukijiunga na Wi-Fi ya chuo au ya hoteli, chagua "Réseau public", basi. Flashi haipiti huko, kwa hiyo fayawoli haitaizuia isiingie.

Umri wa Windows una uzito zaidi. Windows 7 iliachwa na Microsoft Januari 2020, na Windows 10 ikafikia mwisho wake tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa Microsoft imeahidi kuendelea kuilisha Defender yake hadi 2028. Kabla ya kununua mashine ya zamani, muulize muuzaji kama inakubali Windows 11, na umwombe akuonyeshe kwa macho.

Kuhusu kibanda, tenga flashi moja ndogo kwa kazi hiyo tu. Weka humo PDF ya kuchapisha, wala si TFC yenyewe ya Word. Ukirudi, usiifungue kwa kubofya mara mbili: bofya kulia, chagua "Formater", na kesho itakuwa tayari kwa safari nyingine.