Supu ya mboga: kila msimu na chungu chake

Ukitaja neno supu katika miji yetu ya Pwani, wengi hufikiria nyama: supu ya mbuzi, ya kuku, ya makongoro, na chapati pembeni. Mboga haitajwi. Mchicha ukitiwa maji mengi tunasema umeharibika, na nyumba inayopika boga bila nyama hudhaniwa kuwa mambo yake si mazuri. Mazoea hayo yametufanya tuone haya kupika kitu ambacho ardhi yetu inatupatia kwa wingi karibu mwaka mzima.

Hasara yake tunaiona. Jioni ya siku ya mvua, pita katika soko lolote la mtaani Dar es Salaam au Mwanakwerekwe kule Unguja, utayakuta mafungu ya mboga yakinyauka kwa kukosa mnunuzi. Wakati huohuo, katika nyumba zilizo hatua chache kutoka hapo, yupo mzee asiyeweza kutafuna, yupo mama anayeugua shinikizo la damu, na wapo watoto wanaolala kwa wali mkavu au chipsi za kununua. Chungu kimoja cha supu ya mboga kingewafaa wote hao, na kwa gharama isiyofikia robo kilo ya nyama.

Katika makala haya tunapita misimu minne ya Pwani, na kwa kila msimu tunapendekeza supu moja. Vipimo tulivyoviweka vinatosha familia ya watu sita.

Si chakula cha dhiki

Kwanza tuondoe ile haya. Katika Sahihi Bukhari na Sahihi Muslim imepokewa kwa Anas bin Malik (RA) kwamba mshonaji mmoja alimwalika Mtume Muhammad (SAW) chakula. Akaandaa mkate wa shayiri na mchuzi wenye nyama iliyokaushwa na dubbaa, tunda la jamii ya mumunye. Anas alikuwapo, akamwona Mtume (SAW) akivifuata vipande vya dubbaa pembezoni mwa sahani. Tangu siku ile Anas mwenyewe akawa ni mwenye kuipenda mboga hiyo.

Tuzingatie kwamba nyama ilikuwamo sahanini, na mkono wa Mtume (SAW) ukaenda kwenye mboga. Basi tusiwafundishe watoto wetu kwamba mboga ni kitu cha kuliwa pale nyama inapokosekana.

Masika: majani

Mvua za masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei. Huu ndio wakati wa majani: mchicha, matembele, majani ya kunde na majani ya maboga. Huwa mengi, laini na ya bei nafuu. Nyanya, kinyume chake, huharibiwa na mvua nyingi na bei yake hupanda, hivyo supu ya masika isitegemee nyanya.

Chukua mafungu mawili ya mchicha, viazi mbatata vinne, kitunguu maji kimoja, punje tatu za kitunguu saumu, kijiko kimoja cha mafuta na maji lita moja na nusu. Kaanga vitunguu mpaka vilainike bila kugeuka rangi, tia viazi vilivyokatwa vidogo, mimina maji na uchemshe kwa dakika 20. Ponda nusu ya viazi humohumo ndani ya sufuria ili supu iwe nzito. Mwishoni kabisa tia mchicha uliokatwakatwa, uache dakika tatu hadi tano, kisha epua na ukamulie ndimu.

Kuna sababu ya kuutia mchicha mwishoni. Vitamini C huharibiwa na moto na huyeyuka katika maji. Anayechemsha majani muda mrefu kisha akayamwaga maji, amemwaga sehemu ya faida yake. Katika supu maji yenyewe ndiyo chakula, na muda mfupi wa moto hupunguza hasara. Ndimu nayo huusaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika majani, jambo lenye faida kubwa kwa wajawazito na wasichana.

Mvua pia hurusha tope kwenye majani, na masika ni wakati ambao maradhi ya kuharisha huenea. Osha majani kabla ya kuyakata, kwa maji safi, na uyabadilishe mpaka yasiwe na mchanga. Anayependa kutumia kisamvu akumbuke kwamba kisamvu kibichi kina sumu. Ni lazima kitwangwe vizuri na kichemshwe muda mrefu sufuria ikiwa wazi, nacho si cha kutia mwishoni kama mchicha.

Kipupwe: boga

Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusi huleta baridi ya asubuhi na mafua kwa watoto. Maboga yaliyopandwa mwanzoni mwa mvua huwa yamekomaa. Boga zima lisilo na jeraha hukaa wiki nyingi bila jokofu, hivyo ni akiba njema ya jikoni.

Chukua boga la kilo moja, kitunguu kimoja, kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba, maji lita moja na tui zito kikombe kimoja. Kata boga, toa mbegu, lichemshe pamoja na kitunguu na tangawizi kwa dakika 25 hivi. Likilainika, liponde kwa mwiko au lisage. Rudisha motoni, mimina tui huku ukikoroga, na supu ikianza kutokota epua. Tui likiachwa lichemke kwa nguvu bila kukorogwa hukatika.

Rangi ya njano iliyokolea ya boga ni dalili ya kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, inayohitajika kwa macho na kwa kinga ya mwili. Kitu hicho hupokewa vyema panapokuwa na mafuta kidogo, na tui linatosha. Mbegu zisitupwe. Zioshe, zianike, kisha zikaange bila mafuta, watoto watafune.

Vuli: mbaazi na nyanya

Inapofika Oktoba, mbaazi mpya zilizokauka zimeshaingia sokoni kutoka Lindi, Mtwara na kwingineko, na nyanya za mashamba ya kumwagilia bado zinapatikana. Hapo ndipo supu inapoweza kuwa mlo kamili, kwa kuwa mbaazi huleta protini ambayo majani peke yake hayaifikishi.

Loweka vikombe viwili vya mbaazi usiku kucha. Kuloweka huokoa mkaa na gesi, maana punje iliyolainika huiva kwa muda mfupi zaidi. Asubuhi mwaga maji hayo, tia mapya na uchemshe mpaka ziive, kiasi cha saa moja. Sufuria nyingine kaanga kitunguu, kitunguu saumu na kijiko kidogo cha bizari ya manjano, kisha tia nyanya sita zilizoiva na karoti mbili zilizokatwa. Nyanya zikirojeka, changanya na mbaazi pamoja na maji yake, acha vitokote dakika 15. Nyunyiza kotmiri.

Mwenye maharage mekundu aweza kuyatumia badala ya mbaazi, lakini asiyaweke kwenye moto mdogo tangu mwanzo. Baada ya kulowekwa na kumwagwa maji, yachemke kwa nguvu si chini ya dakika 10, ndipo moto upunguzwe. Maharage mekundu yasiyoiva vizuri huumiza tumbo na kutapisha.

Kaskazi: mumunye

Januari na Februari joto hupanda na hamu ya chakula hupungua. Supu nzito haipiti. Wakati huu twende na mumunye, ambalo sehemu yake kubwa ni maji.

Menya mumunye la kilo moja, toa mbegu na ukate vipande. Kaanga kitunguu kimoja na kijiko kidogo cha bizari ya pilau, tia nyanya mbili, kisha mumunye na maji lita moja. Dakika 15 zinatosha. Ukipenda, tia bamia sita zilizokatwa, zitaifanya supu iteleze kooni, jambo ambalo wagonjwa hulipenda. Malizia kwa ndimu na pilipili manga, uinywe ikiwa vuguvugu.

Lipo sharti moja. Kabla ya kupika, onja kipande kidogo cha mumunye bichi. Likiwa chungu, tema na ulitupe lote. Uchungu huo ni alama ya sumu ambayo moto hauiondoi. Hiyo siyo israfu.

Ramadhani huzunguka misimu yote

Mwaka wetu wa Hijria ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Ndiyo maana Ramadhani huzunguka misimu yote katika muda wa takriban miaka 33. Mwaka 2015 iliingia Juni, katikati ya baridi ya kipupwe. Mwaka 2030 inatarajiwa, mwezi ukiandama, kuingia mara mbili ndani ya mwaka mmoja wa jua: mwanzoni mwa Januari na mwishoni mwa Desemba. Kijana atakayeijua supu moja tu ya futari, siku moja ataitafuta sokoni katika msimu usio wake, na atainunua kwa bei ya juu. Atakayejifunza chungu cha kila msimu, futari yake haitampa taabu.

Na futari inahitaji supu. Tumbo lililokaa tupu mchana kutwa hupokea vyema tende, maji na bakuli la supu vuguvugu kuliko sambusa na kachori zilizojaa mafuta. Aliyekwishakunywa supu husali Magharibi kwa utulivu, na akirudi mezani hula kwa kiasi.

Chumvi na viungo vya pakiti

Supu njema ya mboga huharibiwa na kitu kimoja zaidi ya vyote: chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja kidogo cha chai, na hesabu hiyo ni ya vyakula vyote vya siku nzima. Vile vidonge na viungo vya pakiti vya kukoleza mchuzi, sehemu yake kubwa ni chumvi. Baadhi pia hutiwa mafuta au dondoo za wanyama, hivyo Muislamu anapaswa kusoma maandishi ya pakiti kabla ya kununua.

Mbadala wake umo jikoni. Maganda safi ya karoti, mashina ya kotmiri na ncha za vitunguu, vikichemshwa nusu saa na kuchujwa, hutoa maji yenye ladha ya kuanzia supu yoyote. Kitunguu saumu, tangawizi na ndimu hufanya ulimi usiitafute chumvi.

Mwenye mgonjwa wa shinikizo la damu nyumbani apakue bakuli lake kabla ya kutia chumvi. Mwenye maradhi ya figo amuulize daktari wake ni mboga zipi zinamfaa, kwani baadhi ya zenye manufaa kwa wengine huweza kumdhuru. Mtoto aliyetimiza miezi sita na kuanza kula asipewe maji ya supu peke yake. Maji hujaza tumbo dogo bila kumlisha. Apewe mboga na mbaazi zilizopondwa zikawa nzito.

Supu iliyobaki isilale juu ya jiko. Ndani ya saa mbili iwe imemiminwa katika vyombo vipana, imepoa na kuingia katika jokofu, na iliwe ndani ya siku mbili. Ikipashwa, ipashwe mpaka ichemke. Inayokusudiwa kuwekwa akiba itengwe kabla ya kutia tui, kwani tui huchacha upesi. Nyumba isiyo na jokofu ipike ya kuisha.

Bakuli la jirani

Imo katika Sahihi Muslim hadithi ya Abu Dharr (RA), ambaye Mtume (SAW) alimuusia kwamba anapopika mchuzi aongeze maji yake na awaangalie majirani zake. Kilichotajwa hapo ni maji, kitu ambacho hata maskini hakosi. Nyama ya robo kilo haigawiki kwa nyumba tatu, ila chungu cha boga kikiongezwa maji na kipande kingine cha boga hugawika.

Majirani zetu tunawajua: bibi anayeishi peke yake, mzazi aliyejifungua juzi, kijana mpangaji anayelala kwa chai na mkate. Juma hili, baba anayepita sokoni akitoka kazini amuulize muuza mboga ni kipi kimejaa leo. Mama na watoto wakichague chungu chake. Na kabla ya upawa kuingia katika bakuli la kwanza la nyumbani, bakuli moja lifunikwe na mtoto alipeleke kwa jirani.

Mwenyezi Mungu (SWT) atujaalie afya, atubarikie riziki za misimu yote, na atuepushe na israfu. Amin.