Safari ya Lori la Kahawa Kutoka Makumira: Dereva Hupangaje Njia Yake?

Kila msimu wa kahawa malalamiko ya namna moja husikika katika ofisi za vyama vya msingi kandokando ya barabara ya Arusha na Moshi. Lori lililoahidiwa asubuhi limefika jioni, na nauli ya mwendo wa kilomita 60 hivi imepanda kana kwamba shehena ilikwenda Tanga. Aghalabu lawama humwangukia dereva. Lakini mtu akiifuatilia safari hiyo tangu mwanzo ataona kwamba muda mwingi hupotea kabla lori halijakanyaga lami, kwa sababu ya mambo ambayo dereva hakuelezwa. Na kwa kuwa nauli hukatwa hatimaye katika malipo ya mkulima, yafaa Makatibu na wajumbe wa Bodi waelewe jinsi dereva anavyoipanga njia yake.

Dereva mzoefu huhesabu saa kuliko kilomita, na hesabu yake huianzia mwisho wa safari. Hujiuliza kwanza ni saa ngapi anataka kuwa langoni mwa kiwanda cha kukoboa kahawa, Moshi. Akichelewa atakuta foleni, na huenda akalala nje na mali ya watu. Kutoka hapo hurudi nyuma: mteremko wa Kikavu, Boma Ng'ombe, njia panda ya uwanja wa ndege, Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River. Sheria hairuhusu gari kubwa kupita mwendo wa kilomita 80 kwa saa, na penye makazi yenye alama mwendo ni kilomita 50. Makazi katika barabara hiyo ni mengi, kwa hiyo hakuna dereva mwenye akili anayeipangia chini ya saa mbili. Akitaka kufika saa mbili asubuhi, hana budi kuondoka Makumira kabla ya saa kumi na mbili, na kahawa iwe imekwisha kupakiwa jana yake.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Kahawa haiko yote Makumira penye lami. Nyingine imo katika maghala ya juu, upande wa Poli na Nkoaranga, ambako njia hupanda mlima Meru kwa udongo mwekundu na kukatwa na mito inayoteremka kusini. Kanuni ya madereva ni kuanza na ghala la juu kabisa, ili lori lipande tupu na lizidi kujazwa likishuka. Kanuni hii huokoa mafuta na mashine. Katika kushuka, dereva hutumia gia ileile ambayo angehitaji kupandia mlima huo akiwa na shehena, asiziachie breki pekee kazi yote mpaka zikapata moto.

Mvua ikinyesha, hesabu hubadilika. Lori tupu halina uzito juu ya magurudumu ya nyuma yanayolisukuma, kwa hiyo huteleza na kujichimbia katika tope. Uvunaji wa kahawa ya kaskazini huanza Julai na huweza kuendelea hadi Desemba, wakati mvua za vuli zimekwisha kuingia. Magunia ya mwisho wa msimu ndiyo yanayokwama. Chama chenye busara hakilipeleki lori la tani 10 huko juu wakati huo. Huteremsha kahawa kidogo kidogo kwa trekta au pikapu siku za jua, na kuikusanya katika ghala la kando ya lami. Gharama ya pikapu huonekana kubwa katika daftari, lakini lori likilala korongoni siku mbili gharama zake hupita hizo, na kahawa ya maganda iliyokwisha kukaushwa vizuri ikinyeshewa hupoteza daraja.

Siku hizi madereva wengi wana ramani katika simu zao. Ramani hiyo ni msaada mkubwa katika mji mgeni. Hata hivyo, juu ya Poli huweza kumwonyesha mtu njia ya pikipiki kana kwamba ni barabara, wala haijui kwamba kalavati limebomoka wiki iliyopita. Kwa hiyo dereva humpigia simu mwenzake aliyepita jana, au humtuma utingo atangulie kwa miguu. Maswali yake ni machache. Je, kalavati lina upana gani? Je, kuna tawi au waya wa umeme ulioning'inia? Lori litageuzia wapi? Swali hili la mwisho ndilo makarani wanalolisahau kuliko yote, na yako maghala ambako lori hurudi kinyumenyume hadi njia kuu, utingo akipiga kelele nyuma.

Jambo la pili linalopanga safari ni uzito. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ni ya mwaka 2016, na Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019. Inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima, hata liwe refu namna gani, lakini pia huupima uzito kwa kila ekseli, yaani kila mhimili wa magurudumu. Ekseli ya usukani isizidi tani 8, na ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne isizidi tani 10. Wengi hujumlisha 8 na 10, wakaona 18, wakatoa uzito wa gari na kuamini kwamba kilichobaki ni halali kupakiwa. Sivyo.

Tuseme lori la ekseli mbili lina uzito wa tani 7.5 likiwa tupu: tani 3.5 mbele na tani 4 nyuma. Limepakiwa magunia 200 ya kilo 50, yaani tani 10. Jumla ni tani 17.5, na karani ameridhika. Lakini ikiwa robo tatu ya shehena imelalia nyuma, ekseli ya nyuma inabeba tani 4 na tani 7.5, jumla tani 11.5. Imezidi kwa tani moja na nusu. Kwa mpangilio huo, shehena halali ni tani 8, yaani magunia 160. Ikiwa magunia yatasogezwa mbele kuelekea kibanda cha dereva, lori litaweza kuongezewa kidogo. Ndiyo maana dereva hugombana na wapakiaji wanaolundika nyuma ili wamalize haraka. Na katika ugomvi huo mara nyingi yeye ndiye mwenye haki. Lori liletalo mbolea kutoka Dar es Salaam au Tanga hukutana na mizani ya Njia Panda, karibu na Himo, kabla halijafika Moshi, na hapo maneno ya karani hayasaidii kitu.

Mikataba ya usafirishaji nayo yafaa itazamwe. Chama kinacholipa kwa gunia humfanya mwenye lori atake kupakia kupita kiasi. Kinacholipa kwa safari humfanya atake kwenda mbio na kuondoka kabla ghala halijaisha. Malipo kwa gunia ni bora, mradi mkataba utaje uzito wa mwisho unaoruhusiwa, na hati ya shehena ionyeshe idadi ya magunia na kilo, ikiwa na sahihi ya karani na ya dereva, kabla turubai halijafungwa.

Gari likirudi tupu, chama kimelipia safari mbili na kupata moja. Kwa hiyo dereva hutafuta shehena ya kurudia, na vyama jirani vikiungana vinaweza kumpa: magunia matupu, mbolea au saruji. Tahadhari moja ni ya lazima. Kahawa hunyonya harufu upesi, kwa hiyo bodi la lori lililobeba mbolea, ngozi au mafuta lazima lioshwe na kukaushwa kabla ya kupakiwa kahawa tena. Muda huo wa kuosha dereva huuingiza katika hesabu yake, nacho chama kiuingize katika yake.

Kwa mazao yaendayo magharibi, kama vile mahindi ya Kikwe na Mbuguni yanayopelekwa Namanga, si lazima tena kukata katikati ya mji wa Arusha. Barabara ya mchepuo yenye urefu wa kilomita 42.4, iliyozinduliwa Julai 2022, huanzia Usa River, huzunguka kusini mwa mji na kutokea Ngaramtoni. Ni ndefu kuliko kupita mjini, lakini dereva ajuaye foleni za mjini asubuhi haoni taabu kuichagua. Taabu yake iko kati ya Mbuguni na lami, katika udongo mweusi unaonata kwenye matairi baada ya mvua. Huko hutaka apewe habari jioni ya siku iliyotangulia: je, imenyesha? Karani wa ghala ndiye aliye karibu na jibu, na simu yake ipigwe kabla lori halijaondoka kituoni.