MAANA YA NGAO YA MJI WA COBURG

Katika nchi ya Ujerumani, upande wa kaskazini wa jimbo la Bavaria, uko mji uitwao Coburg. Mgeni aingiaye mjini humo huona picha asiyoitazamia: kichwa cha Mwafrika, chenye kipuli cha dhahabu sikioni, juu ya ngao ya rangi ya dhahabu. Hiyo ndiyo alama ya mji, nayo huonekana hata juu ya vifuniko vya chuma vya mifereji ya barabarani. Je, mtu huyo ni nani, na alifikaje huko?

Zamani, askari wa Ulaya aliyevaa chuma toka kichwani hata miguuni hakuweza kutambulikana usoni. Kwa hiyo wakuu walitia rangi na picha juu ya ngao zao, ili wajulikane kwa mbali. Miji nayo ikaifuata desturi hiyo, kwa kuwa watu wengi hawakujua kusoma. Mingi ilichagua picha ya mtakatifu aliyehesabiwa kuwa mlinzi wake.

Mlinzi wa Coburg ni Mtakatifu Maurisi, ambaye Wajerumani humwita Moriz, na kanisa moja la kale mjini lina jina lake. Mapokeo ya Kikristo yasema kwamba alikuwa jemadari wa kikosi cha Kirumi kilichotoka Thebes, katika nchi ya Misri. Yapata mwaka 286 kikosi hicho kiliamriwa kuitolea sadaka miungu ya Kirumi. Maurisi na askari wake walikataa, wakauawa mahali paitwapo leo Saint-Maurice, katika Uswisi.

Hapo kwanza mafundi wa Ulaya walimchora kama Mzungu. Lakini kati ya miaka 1240 na 1250 hivi, ilichongwa sanamu yake kwa ajili ya kanisa kuu la Magdeburg, naye akaonyeshwa kuwa Mwafrika dhahiri, amevaa mavazi ya chuma ya askari mwenye cheo. Tangu hapo sura hiyo ikaenea katika miji mingine ya Ujerumani.

Chama cha Nazi, kilichofundisha kwamba watu weusi ni duni, hakikuivumilia heshima hiyo. Mwaka 1934 kichwa cha Maurisi kiliondolewa katika ngao ya Coburg, na mahali pake pakatiwa upanga wenye alama ya swastika. Vita vilipokwisha mwaka 1945, na utawala huo ulipoanguka, Maurisi alirudishwa.

Hata hivyo maneno hayakuishia hapo. Mwaka 2020 baadhi ya watu walitia sahihi ombi la kutaka ngao ibadilishwe, wakisema kwamba jinsi midomo na kipuli vilivyochorwa ni dhihaka kwa watu weusi. Wengine walitia sahihi ombi la kuitetea, wakisema kwamba ni heshima kwa mtakatifu, na kwamba waliomwondoa kwanza walikuwa Manazi. Ngao haikubadilishwa.

Pande zote mbili zina hoja yenye uzito, kwa maana nia ya kumheshimu mtu ni jambo moja, na namna ya kuuchora uso wake ni jambo jingine. Mtoto wa Coburg aliyesimuliwa habari za jemadari yule aliyekubali kufa kuliko kuikana imani yake, ataona shujaa katika ngao hiyo. Asiyesimuliwa ataona kichwa tu.