Bodi Zinazovunja Rekodi za Kumbukumbu, Zikipimwa kwa Umeme wa Kampala

Wanaonunua bodi ya majaribio kwa ajili ya mradi wa chuo wengi huuliza kwanza RAM ni kiasi gani. Kwa Kampala, swali hilo ni la pili. La kwanza: umeme ukikatika saa tisa mchana, data iliyokusanywa tangu asubuhi itabaki wapi? RAM ni ubao wa darasani unaofutwa kila umeme unapoondoka. Kinachosalimika ni kile kilichokwisha kuandikwa kwenye hifadhi ya kudumu.

Tuwe na kazi moja ya kuzipimia bodi zote, tena ya papa hapa mjini. Tangu 2015 mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere umekuwa ukipima vumbi laini linaloelea hewani, vifaa vyake vingine vikibebwa na bodaboda. Tuseme mwanafunzi anaunda kifaa cha aina hiyo, kinachoandika kipimo kimoja kila dakika, na kila kipimo ni baiti 32. Kwa siku ni baiti 46,080. Kwa mwaka hazifiki megabaiti 17.

Rekodi ya ukubwa basi haitupi shida. Raspberry Pi 5 ilipata toleo la RAM ya gigabaiti 16 Januari 2025, na bodi ya Jetson AGX Orin ya NVIDIA ina toleo la gigabaiti 64. Ni nguvu kubwa, na anayefundisha kompyuta kutambua picha ataihitaji. Ila kwa vumbi letu, hata memori kadi ya kawaida ya gigabaiti 32 ingetosha kwa takriban miaka 1,900.

Kwa udogo, chipu ya ATtiny85 ina RAM ya baiti 512 na EEPROM, hifadhi yake ya kudumu, ya baiti 512: vipimo 16, yaani robo saa na ushei. Arduino Uno, ambayo wanafunzi wengi huanzia, ina EEPROM ya kilobaiti moja, na Arduino Mega 2560 ina nne, zinazofikisha saa mbili na dakika nane. Raspberry Pi Pico ya 2021 ina chipu isiyo na flashi, aina nyingine ya hifadhi ya kudumu, ndani yake kabisa. Megabaiti mbili za flashi zimewekwa kando, juu ya bodi. Nusu yake ikiachiwa programu, nusu nyingine inabeba vipimo vya zaidi ya wiki tatu. Kwa bodi ya bei ndogo kama hiyo, nasema imefanya kazi kubwa.

Rekodi ninayoijali zaidi ni ya uvumilivu, na ndiyo isiyotajwa sana madukani. Kila hifadhi ya aina hii huchoka kwa kuandikwa. Mtengenezaji wa chipu ya Uno anaahidi mara 10,000 kwa flashi na mara 100,000 kwa EEPROM. Zinasikika nyingi. Lakini programu inayoandika pale pale kila dakika humaliza ahadi ya flashi kwa siku saba, na ya EEPROM kwa siku sabini hivi, kabla muhula haujaisha. Dawa yake ni kuzungusha mahali pa kuandikia, ili kila chumba kipate zamu yake.

Bingwa hapa ni FRAM, nayo pia hifadhi ya kudumu, iliyomo kwenye bodi ya Texas Instruments yenye chipu ya MSP430FR5969. Ni kilobaiti 64 tu, zinazogawanywa kati ya programu na data. Hata hivyo ahadi yake ni kuandikwa mara trilioni elfu moja, haihitaji kufutwa kwanza kama flashi, na huandika upesi kiasi kwamba umeme uliobaki ndani ya kapasita unatosha kumalizia kipimo cha mwisho.

Iliyo hatarini kuliko zote ni ile memori kadi. Flashi yake hufutwa kwa mafungu makubwa, na kadi yenyewe huhamisha data ndani kwa ndani. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, hata faili za mwezi uliopita zinaweza kuharibika. BeagleBone Black ina gigabaiti nne zilizochomelewa kwenye bodi, hivyo mtikisiko wa bodaboda hauzichomoi. Hatari ya kukatika umeme bado ipo.

Kwa kufika juu, rekodi ya Uganda inashikwa na PearlAfricaSat-1, setilaiti ya kwanza ya nchi, iliyoundwa na wahandisi Waganda katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani. Ilirushwa Novemba 2022, ikaachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga tarehe 2 Desemba, kilomita 400 hivi juu yetu. Setilaiti ya kimo hicho huonana na kituo cha ardhini kwa dakika chache tu kila inapopita. Picha zote lazima zitunzwe hadi zamu ifike, na huko hakuna wa kwenda kubadilisha kadi.

Kwa kifaa chetu cha vumbi, ushindi nampa Pico aliyeongezewa chipu ndogo ya FRAM ya kushika vipimo vya saa za karibuni, kisha kadi iandikwe kwa mkupuo mara moja kwa saa. Nawe mwanafunzi wa Makerere au Kyambogo, kabla hujakabidhi mradi wako, chomoa waya wa umeme kifaa kikiwa kinaandika, urudie mara nyingi, na matokeo uyaweke kwenye ripoti.